Diski ya Funguo Tatu

Kwaya ya kigango cha shemeji yangu kule Katumba ilikuwa na diski moja ya nje, na diski hiyo ilitunzwa na watu watatu. Mtunza hazina, ambaye ndiye shemeji yangu mwenyewe, dada mkubwa wa mke wangu, alikaa na kisanduku cha bati chenye diski ndani. Mwenyekiti alikaa na ufunguo wa kisanduku. Katibu alikaa na waya wa kuunganishia diski kwenye kompyuta. Hakuna aliyeweza kuitumia bila wenzake wawili kuwapo.

Mtu anayevijua vikundi vya kuweka na kukopa vya huku kwetu hahitaji kuelezwa utaratibu huu umetoka wapi. Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu, na funguo hulala nyumba tatu tofauti. Wanakwaya wengi walikuwa wamelelewa na sanduku la namna hiyo, na walipopata kitu walichokithamini kuliko vyote walivyowahi kumiliki pamoja, wakakifungia kwa desturi waliyoijua. Niliposimuliwa mara ya kwanza niliwasifu. Haikunijia kichwani kuuliza kama kuna aliyewahi kuifungua diski yenyewe tangu ilipotoka studio.

Ndani ya diski mlikuwa na nyimbo kumi, nyingine za Kiswahili, nyingine za Kirundi, lugha ya nyumbani kwa wengi wa Katumba, na video ya kila wimbo. Walizirekodi Mwanza baada ya mavuno ya mahindi, safari ya kwenda na kurudi waliyoizungumzia kwa wiki nzima. Fundi wa studio aliwaambia kwamba kazi ya mteja anaitunza mwezi mmoja, kisha anaifuta ili apate nafasi. Wakamjibu sawa, wakafunga kisanduku, wakagawana ufunguo na waya, wakapanda basi. Kisanduku kilikaa chumbani kwa shemeji karibu miezi mitatu, kikisubiri uzinduzi.

Mimi ni seremala, na karakana yangu ipo Kawajense. Kompyuta niliinunua nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, kwa sababu wateja walianza kuja na picha za makabati kwenye simu na kuniuliza kama naweza kuwachorea lao walione kabla sijakata mbao. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nasoma, najaribu, naandika kwenye daftari nilichobonyeza na kilichotokea. Mashine niliyouziwa ilikuwa kuukuu na ilienda kwa kusuasua, nikasoma kwamba mfumo endeshi wa Linux ni mwepesi, nikauweka badala ya Windows. Ilinichukua siku tatu na kurasa kumi na moja za daftari. Adui yangu mkubwa tangu hapo amekuwa vumbi la mbao. Kila Jumamosi naifungua mashine na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli, nikiwa nimegeuza uso.

Kosa langu kubwa nimeliandika ukurasa wa peke yake. Mwaka wa pili nilichukua diski yangu yenye michoro ya miaka yote, nikaichomeka kwenye kompyuta ya rafiki. Kompyuta ikaniambia diski inabidi ifomatiwe kabla ya kutumika. Nilidhani ni taratibu za kawaida, kama vile mgeni anavyoambiwa avue viatu. Nikakubali. Michoro yote ikaondoka, na mimi nikajifunza, kwa kuchelewa, kwamba diski si kapu la kutupia vitu. Hupangwa kwanza, na kila mfumo endeshi una upangaji wake. Ni kama stoo mbili: mtunza stoo wa kwanza hupanga misumari kwa urefu, wa pili hupanga kwa rangi ya makopo. Mpeleke huyu kwenye stoo ya yule usiku mmoja, atatoka na kukwambia humu hamna misumari. Misumari ipo. Yeye ndiye hajui pa kuangalia.

Alhamisi ya wiki ya uzinduzi, kama saa nane mchana, wote watatu walifika karakana kwa bodaboda mbili. Shemeji alikuwa amekipakata kisanduku kama mtoto mchanga.

"Shemeji, weka randa chini," alisema kabla ya salamu. "Leo tuna msiba."

"Karibuni. Nani kafariki?"

"Diski."

"Haijafa," alisema mwenyekiti. Yeye ni mfuga nyuki, mtu mzima mwenye sauti nzito, ndiye nguzo ya besi. "Ni tupu tu."

"Imeonekana tupu," shemeji akamrekebisha. "Nyie wanaume mnapenda kuzika watu wakiwa hai."

Katibu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa tayari ameshafungua daftari lake. Alinisomea tukio zima akiwa amesimama. Saa nne na dakika kumi asubuhi walifika kwenye duka la uchapaji mjini ili nyimbo zinakiliwe kwa ajili ya Jumapili. Mwenyekiti alifungua kisanduku, shemeji akatoa diski, katibu akatoa waya. Diski ikachomekwa kwenye kompyuta ya duka, ambayo ni ya Windows. Kompyuta ikasema inabidi diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Mwenye duka, kwa nia njema kabisa, akasema hii ni diski mpya, haijawahi kuwekwa kitu, abonyeze isafishwe ili waanze kuitumia.

"Nikamuuliza, isafishwe na nini?" shemeji alidakia. "Akasema ndiyo kufomati. Nikamwambia, baba, kufomati hakumo kwenye ajenda. Sisi tumekuja kunakili. Kama ni kufomati, mpaka kikao kikae."

Niliweka randa chini kweli, nikaomba nimshike mkono.

"Unanipongeza nini? Nyimbo hazipo."

"Kama ungesema ndiyo, nisingekuwa na la kufanya," nilimwambia. "Mimi niliwahi kusema ndiyo."

Wenzake walipokuwa wanatafuta pa kukaa kati ya mbao, alinivuta pembeni ya mlango na sauti yake ikashuka. Kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa kwenye daftari la katibu. Nje ya lile duka walikuwapo wanakwaya sita waliokuja mjini kuchukua sare kwa fundi cherehani. Mwenyekiti alimuuliza mbele yao, "Mama, una uhakika watoto hawakuichezea?"

"Ufunguo anao yeye," shemeji alisema. "Watoto wangu wangepitia wapi? Lakini kisanduku ni cha bati, hata kijiko kinakifungua, na wale sita wameshasikia. Shemeji, vitu vya watu nimevitunza tangu sijaolewa. Nyimbo hizi zikikosekana, mimi kwenye ile kwaya sisimami tena."

Sikumwahidi kitu. Nilimwambia tuangalie.

Utaratibu wangu wa diski ya mtu mwingine nimeuandika kwenye jalada la daftari: usiandike chochote ndani yake kabla hujasoma kilichomo, na usisome kabla hujajua imepangwaje. Nilifuta meza, nikatandika kitambaa kikavu, nikaiweka diski juu yake. Nilipoichomeka niliisogezea sikio. Ilikuwa inazunguka vizuri, bila kugonga. Kisha nikaiuliza Linux swali moja tu: hii diski imepangwa na nani? Jibu lilikuja kwa mstari mmoja, na niliusoma mara mbili kabla ya kugeuka.

"Hii imepangwa kwa namna ya Mac," nikasema.

"Mac ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni aina ya kompyuta. Kule studio mliona kompyuta ya namna gani?"

Katibu alifikiri. "Ilikuwa na tunda mgongoni. Tunda lililong'atwa."

"Na hilo hukuliandika kwenye muhtasari?" shemeji akamgeukia.

"Dada, nani anaandika matunda kwenye muhtasari?"

Niliwaeleza habari ya stoo mbili. Windows ya dukani ilikuwa imeingia kwenye stoo iliyopangwa na Mac na haikuelewa kitu, ikapendekeza kubomoa na kupanga upya. Linux yangu, kwa bahati yetu, inaufahamu upangaji ule, ingawa kwa kusoma tu. Haiwezi kuandika. Kwa siku kama ile, sikuhitaji zaidi. Nikaifungua.

Faili zilijitokeza moja chini ya nyingine. Shemeji alisogeza kidole karibu na kioo bila kukigusa, akaanza kuhesabu kwa sauti. Nyimbo kumi. Video kumi. Na moja ndefu zaidi, zote zikiwa zimeunganishwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa ukutani siku ya uzinduzi.

"Mana yanje," alimwita Mungu wake kwa Kirundi, akakaa juu ya rundo la mbao za mninga ambalo siku zote namkataza mtu kulikalia.

Nilicheza video ya tatu ili tuone kama ni nzima. Kwaya ikatokea imejipanga, shemeji yupo mstari wa mbele, amefumba macho kwenye noti ya juu. Mwenyekiti alicheka mpaka akajipiga goti.

"Mama, hapo ulikuwa unaimba au unang'olewa jino?"

"Nilikuwa naifuata besi yako iliyopotea njia."

Mwenyekiti alitaka tumalize haraka. Aliomba flashi ya katibu yenye nafasi ya gigabaiti thelathini na mbili, akasema tumimine humo vyote, warudi dukani. Nyimbo ziliingia. Video kumi fupi ziliingia. Ile ndefu ilikataa. Kompyuta ikasema faili ni kubwa mno.

"Kubwa kiasi gani?" katibu aliuliza, kalamu mkononi.

"Gigabaiti kumi na moja."

"Na nafasi iliyobaki?"

"Kumi na tisa."

Akaandika, akapiga hesabu ya kutoa, akanitazama kama ninavyotazamwa na mteja ambaye kabati lake halijaisha. "Mwalimu wa hesabu hawezi kukubali hili."

Hapo nilikuwa kwenye taaluma yangu. Nikamwonyesha kabati la milango mitatu lililokuwa linasubiri vanishi. Nikamwambia chumba cha mteja ni kikubwa, makabati manne kama haya yanaenea, lakini mlango wa chumba ni mwembamba, kwa hiyo hili halipiti likiwa zima. Flashi yake ilikuwa imepangwa kwa namna ya zamani inayoitwa FAT32. Kompyuta zote zinaielewa, na hilo ndilo zuri lake, ila mlango wake haupitishi faili linalofika gigabaiti nne, hata kama ndani ni uwanja wa mpira.

"Sasa mlango mpana unapatikana wapi?"

"Kuna upangaji mwingine, exFAT. Mlango mpana, na Windows, Mac na Linux yangu zote zinausoma na kuuandika. Nashauri flashi hii tuipange hivyo. Na ile diski yenu pia, ili isiwatese tena."

"Kuipanga ndiyo kufanyaje?" shemeji aliuliza taratibu. Alikuwa ameshalijua jibu.

"Ndiyo kufomati."

 Akasimama kutoka kwenye mninga.

"Shemeji, nimetoka kumkatalia mtu asubuhi, nimekuja kwako unaniambia yale yale?"

"Yale yale. Yeye angebomoa stoo vitu vikiwa ndani. Sisi tutavitoa kwanza, tutavihesabu, ndipo tubomoe."

Katibu alisema basi hili ni la kikao, na kikao kilikuwa kimetimia kwa sababu viongozi wote watatu walikuwapo. Akatoa ukurasa mpya. Mwenyekiti alikaa kwenye kigoda cha kupigia randa, akafungua kikao kwa sala fupi. Ajenda ilikuwa moja: kufomati diski ya kwaya. Mimi niliandikwa kama mwalikwa. Shemeji aliweka sharti, na likaandikwa jinsi alivyolisema: diski isiguswe mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwa macho yake kwamba nyimbo zipo mahali pengine pawili, nzima, bila kupungua hata ubeti mmoja.

Lilikuwa sharti zuri kuliko ambalo ningeliweka mimi. Nilinakili faili zote kwenye kompyuta yangu, kisha nikanakili tena kwenye diski yangu ya akiba. Ilichukua muda wa kunywa chai ambayo mke wangu aliileta na kuondoka nayo tena kwa sababu hakuna aliyeigusa. Halafu nikawaeleza kwamba kuona jina la faili hakutoshi, maana faili linaweza kuwa na jina lake na likawa limekatika katikati. Kuna hesabu ambayo kompyuta huipiga juu ya faili zima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kutoa mfuatano mrefu wa namba na herufi. Likibadilika hata chembe moja, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Nikaipiga kwenye diski yao, kwenye kompyuta yangu, na kwenye diski yangu, nikaiweka mifuatano yote kwenye kioo.

Katibu akasema itakuwa kama kuhesabu kura. Tulikubaliana kusoma alama nne za mwisho tu. Shemeji alisoma, mwenyekiti alifuata kwa kidole, katibu akaweka vema.

"Wimbo wa kwanza. Tisa, efu, sifuri, mbili."

"Tisa, efu, sifuri, mbili."

"Na huku?"

"Tisa, efu, sifuri, mbili. Hana mpinzani."

Faili ishirini na moja, mara tatu. Kwenye la kumi na nne mwenyekiti aliruka mstari, akatangaza hitilafu, na sote tukasimama. Shemeji akamshika kidole, akakirudisha mahali pake, akaendelea kusoma. Walipomaliza, vema zote zilikuwa zimetimia. Nilimwonyesha kitufe.

"Nikibonyeza hapa, zinakufa?"

"Kwenye hii, ndiyo. Kwenye zile mbili zipo, umezihesabu mwenyewe."

Alijifuta mkono kwenye kanga, akawatazama wenzake. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, katibu akaitikia kwa kichwa na kuandika saa. Akabonyeza. Dirisha la diski likawa jeupe, tupu kabisa, tupu ya kweli safari hii. Aliendelea kulitazama mpaka faili zilipoanza kurudi, la kwanza, la pili. Nikaipanga na flashi ya katibu, nayo ikaipokea ile video ndefu bila kunung'unika. Nikawaonya wasichomoe waya mpaka kompyuta iseme ni salama, kwa sababu upangaji huu hauvumilii mtu mwenye haraka.

Ndipo nilipowaambia jambo lililokuwa linanisumbua tangu mchana. Funguo tatu zinafaa kwa kitu unachoogopa kitaibiwa. Nyimbo hizi hakuna anayetaka kuziiba. Hatari yake ni kupotea, na kwa kupotea, kumgawia mmoja kisanduku, mwingine ufunguo na mwingine waya ni kuongeza tu watu wa kusubiriana. Afadhali kila kiongozi akae na nakala nzima, nyumbani kwake, na kila baada ya miezi michache aifungue aone kama bado inaimba.

"Mama ana diski, katibu ana flashi," mwenyekiti alisema baada ya kufikiri. "Mimi nabaki na ufunguo wa nini?"

"Wa mzinga," shemeji akamjibu.

Jioni ile ile mwenyekiti alinunua flashi yake. Tuliongozana sote hadi kwenye lile duka la uchapaji. Mwenye duka aliichomeka diski kwenye kompyuta yake ya Windows, na faili zikajipanga zote ishirini na moja. Alishangaa, akaniuliza nimezitoa wapi. Nikamwambia zilikuwa humo humo, na nikamwandikia kwenye karatasi jinsi ya kuitambua diski ya namna hiyo kabla ya kumshauri mteja. Aliibandika ukutani, kando ya orodha ya huduma zake.

Tulipotoka, mwenyekiti alikohoa.

"Mama, ile asubuhi nilikuuliza habari za watoto. Nilikosea."

"Umekosea," shemeji alisema. "Lakini hapa tupo wanne. Ulipouliza walikuwapo sita wengine. Utasema mbele ya kwaya."

"Jumamosi kwenye mazoezi?"

"Jumamosi kwenye mazoezi. Wote wakiwa wamefika, hata wale wanaochelewa."

Nilikwenda Katumba Jumamosi hiyo na mke wangu, kupima ukuta ambapo video ingeonyeshwa. Mwenyekiti aliwasubiri wachelewaji kweli. Alipoona wamekamilika, alisimama mbele yao na kusema kwamba diski ilikuwa nzima siku zote, kwamba aliyeiokoa isifutwe ni mtunza hazina, na kwamba yeye alimtilia mashaka bila sababu na anaomba radhi. Alisema kwa Kiswahili. Shemeji, aliyekuwa kwenye safu ya sauti ya kwanza, hakusogea.

"Na bibi wa alto hapa nyuma hajasikia vizuri," alisema.

Mwenyekiti akarudia kwa Kirundi, pole pole, neno kwa neno. Bibi wa alto aliitikia kwa sauti kwamba sasa amesikia. Shemeji akafungua daftari lake la nyimbo, akamwambia mwalimu wa kwaya atoe noti.